Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi alikaa na cherehani mbele yake, simu pajani na binti yake pembeni. Aliyesubiri zamu yake muda mrefu zaidi ni binti. Nyumbani walimwita Kasuku kwa jinsi anavyopenda kuongea, ingawa siku hizi jina hilo lilikuwa limeanza kumpwaya.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa akikata sare ya jirani yao, muuguzi, aliyetarajia kuanza kazi mpya Jumatatu. Kitambaa kilitosha nguo moja tu. Upande mmoja kiling'aa, mwingine kilififia. Mkono wa kwanza fundi aliukata vizuri. Kisha simu ikalia kidogo. Akatazama video moja, ikamvuta kwenye ya pili, na mkasi nao ukaendelea.

"Mama, huo nao ni wa kushoto," Kasuku alisema.

"Mm," fundi alijibu.

Muuguzi alipokuja kujaribu, mambo yakawa hadharani. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Ukiugeuza mmoja, upande uliofifia unatokea nje. Fundi aliona haya mpaka akakosa pa kuweka macho. Miaka kumi na miwili ya kushona, hajawahi kuharibu nguo ya mtu namna hiyo.

"Nilikuambia, Mama. Ukasema mm."

Kasuku hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kuzoea, na hilo lilimuuma fundi kuliko kitambaa.

"Dada, simu unaishika mara ngapi kwa siku?" muuguzi aliuliza.

"Mara chache tu."

Alipokuwa akijibu, kidole gumba chake kilikuwa kinaifungua. Wote watatu walikiona.

Muuguzi alicheka, akavuta kiti. "Si uvivu, wala si ujinga. Simu inakupa kitu kipya, ila hujui saa ngapi. Ubongo unazoea kukingoja, na mkono unakwenda wenyewe kabla hujaamua. Ndiyo maana kusema tu 'nitaacha' hakutoshi. Iweke mbali, ulazimike kuinuka kuifuata. Zima milio yote, bakiza ya watu wanaokupigia. Panga saa za kuiangalia. Na mezani isije."

"Na roho ikiwa juu juu?"

"Itakuwa hivyo siku za mwanzo. Utajiona kama umesahau kitu mahali. Inapungua. Ukishindwa kabisa, njoo kwenye kituo cha afya ninakoanza kazi, yuko mshauri."

Fundi alipima upya, mara mbili. Mikono ilikuwa imekatwa mirefu, hivyo kwenye kitambaa cha mmoja alipata mfupi wa kulia, na ule mwingine akaufupisha ulingane nao. Jumatatu muuguzi alikwenda kazini na sare yake.

Simu ilihamia kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati la jikoni. Siku ya kwanza fundi alipapasa paja mara thelathini na moja. Kasuku alihesabu kwa sauti. Wiki ya tatu zilikuwa nne kwa siku.

Mchana mmoja simu iliita, kopo likatetemeka, vifungo vikachakarika. Fundi akainua kichwa. Kasuku alikuwa katikati ya habari ndefu ya mwalimu wao na kiatu kilichopotea. Akaikatisha, akasubiri, kama alivyozoea.

"Nitampigia baadaye," fundi alisema, akatoa mguu kwenye pedali. "Ehe, kiatu kilikuwa wapi?"

Kasuku aliongea mpaka jua likahama dirishani.