Dirii ya Turubai

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, Wilkista alifagia uwanja, akawapa kuku maji, kisha akaenda kufukuza ndege kwenye shamba la wimbi, yaani ulezi, nyuma ya jiko. Kwao ni nje kidogo ya mji wa Kitale, ambako mwezi huo jua huwaka asubuhi na mvua hunyesha mchana. Siku hizo mama yake alikuwa Suam kwa biashara ya vitunguu, kwa hiyo alibaki na baba yake, Mzee Mukhisa.

Shamba la wimbi lilikuwa dogo, lakini Baba alilichunga kuliko ng'ombe. Kukhu, nyanya yake Wilkista, alikuja na mbegu zake kutoka kwao Malakisi alipoolewa, na hakuacha kuzipanda hata mwaka mmoja. Machi mwaka huu alizipanda tena. Aprili akafariki. Mavuno haya yangekuwa ya mwisho ya mkono wake.

Kazi ikiisha, yeye na watoto wa majirani walipigana vita vya maji. Bunduki zao zilikuwa chupa za soda zilizotobolewa vifuniko. Kila mmoja alijifunga karatasi ya daftari kifuani, na ikilowa, amekufa. Ili kuikinga karatasi, walijitengenezea dirii, vazi la kifuani ambalo walilisikia katika shule ya Jumapili. Hesbon alivaa nusu ya mtungi wa mafuta. Jepkorir alishona yake kwa pakiti za maziwa. Ya Wilkista ilikuwa ya katoni, na siku ya kwanza ilimvunjikia mwilini kama mkate kwenye chai.

"Ati hiyo ni dirii?" Jepkorir alimcheka. "Umekuja vitani na katoni ya sabuni, bana."

Jumapili jioni Wilkista aliingia stoo na makasi. Turubai la Baba la kufunikia nafaka lilikuwa limekunjwa pembeni. Aliwaza kwamba akikata ukingoni, Baba ataona. Basi akakata kipande cha mraba katikati kabisa, akalikunja tena, tundu likafichika ndani. Jumatatu hakuna tone lililofika kifuani mwake. Wenzake walimbeba juu wakimwita jemadari.

Jumanne Baba alivuna wimbi. Kwa desturi yao, masuke hurundikwa na kufunikwa siku tatu yalainike kabla ya kupurwa. Baba akamtuma Wilkista turubai.

"Liko sawa? Panya hawajaligusa?"

"Liko sawa, Baba."

Alilitandika mwenyewe juu ya lundo, akaweka fungu la majani mahali pa tundu.

Mvua ilinyesha mchana ule, na Jumatano, na Alhamisi. Wilkista alilitazama lundo kutoka mlango wa jiko. Mara mbili alifungua kinywa aseme. Mara mbili akakifunga.

Ijumaa Baba aliondoa turubai. Harufu ya kuoza ikapanda. Masuke ya katikati yalikuwa meusi kwa ukungu, na mengine yalikuwa yameota vichipukizi vyeupe. Baba alichimba kwa mikono hadi chini, hakupata hata konzi moja iliyopona. Kisha akaona tundu la mraba. Akageuka, akaitazama dirii iliyoanikwa kwenye kamba ya nguo.

Hakumpiga. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, masuke mapajani.

"Mama yangu alipanda hizi akikohoa," alisema polepole. "Nilikuuliza Jumanne, Wili."

Machozi yalimtiririka. Wilkista hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

Jumamosi Baba alimpeleka Malakisi kupitia Bungoma, kwa Shangazi Pauline, dada yake Baba, kuomba mbegu. Lakini alikataa kumsemea. Wilkista alisimama mbele ya shangazi yake, akaeleza yote, kutoka makasi hadi lile fungu la majani. Shangazi aliinama, akajifuta macho kwa leso. Ndipo akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo.

"Mama alinipa mbegu hizi nilipoolewa, nami huzipanda kila mwaka," alisema. "Ukoo ni uleule, mtapanda Machi. Lakini zile za mkono wake zimekwenda, mtoto wangu. Siwezi kukudanganya."

Waliporudi nyumbani, Wilkista alichukua sindano ya gunia na uzi, akatandaza turubai uwanjani, akakata kamba za dirii yake. Kipande kilienea kwenye tundu bila kupungua popote. Alishona, machozi yakidondokea mikononi, na Baba akachuchumaa kumshikia ukingo.

"Umetumia dakika ngapi?" Baba aliuliza alipomaliza.

"Labda kumi, Baba."

"Ndizo tu zilizohitajika Jumanne. Ungesema, ningekufokea, tungeshona, tukafunika. Kosa ni lako, mwanangu, na nimekusamehe. Lakini kumbuka: kosa likisemwa mapema hushonwa kwa sindano. Likifichwa, hata aliyekusamehe hana la kukurudishia."

Wakakunja turubai pamoja, wakaliweka stoo, chini ya kibuyu.