Jiko la Makaa Chumbani mwa Latif

Majirani wa Mbugangari, na nyinyi mnaovuka mpaka kila asubuhi kwenda Goma na kurudi jioni, kaeni niwasimulie habari ya nyumba ya Latif. Wengi mnaijua nusunusu, kwa maneno ya sokoni. Hii ndiyo nzima.

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya watu. Latif alirudi kutoka Kigoma na Kiswahili chake kilichonyooka, akafungua sekretarieti, ofisi ya kuwachapia watu barua, katika chumba cha mbele: kwanza mashine ya kupigia chapa, kisha kompyuta, ya kwanza mtaani kwetu. Mtu alikuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi, akajikuta bado amekaa chai inapoiva. Mlangoni palikuwa na ubao wa dama, kete zake vizibo vya soda, na wazee kwa vijana walitaniana hapo tangu alasiri. Mkewe, Nyirasafari, alilalamika kwamba hajui kamwe anapikia watu wangapi, lakini alilalamika huku akiongeza maji kwenye birika.

Mwaka 1999 ukielekea mwisho, Latif akaunganisha kompyuta yake na intaneti kwa waya wa simu. Neno lenyewe wengi wetu tulikuwa tunalisikia tu. Humo akagundua kwamba mtu aweza kucheza dama na watu wa mbali asiowaona hata sura. Wachezaji walipangwa kwa ngazi, na sharti lilikuwa moja: ukikaa dakika tatu bila kusogeza kete, umeshindwa. Latif alianzia ngazi ya arobaini. Baada ya miezi miwili alikuwa wa sita. Ubao wa mlangoni ukahamia kwa Muhamadi, fundi cherehani, na ule mlango ukaanza kufungwa.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Donatille, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama ambaye hakuwahi kupiga hodi kwa mtu yeyote.

"Mama Donatille, ukiingia hivyo unanipotezea mchezo," Latif alimwambia. "Uwe unagonga. Nisipojibu, rudi baadaye."

"Bon," akajibu Donatille. "Kumbe hapa imekuwa ofisi ya bourgmestre, ya mkubwa wa serikali. Nitaleta na karatasi ya kuomba kuonana na we."

Aliondoka akicheka, lakini hakurudi tena.

Ikafika wiki ya pili ya Ramadhani. Siku hiyo walialika wageni kufuturu, na Nyirasafari alikuwa na safari ya kuvuka mpaka pale Grande Barrière kutafuta tende na sukari. Mama yake, Mukandayisenga, alikuwa ameshuka kutoka Bugeshi na gunia la viazi. Mama huyo alikuwa Mkatoliki wa rozari, lakini alimpenda mkwe wake kama mwana.

"Leo na mi nafunga pamoja na nyinyi," alisema asubuhi. "Siwezi kukula mbele ya mukwe wangu, na yeye anameza mate."

Nyirasafari alikuwa amepanga pai ya nyama na viazi ndani ya sufuria, unga uliokandwa umefunika vizuri juu. Sisi tusio na tanuri mnajua tunavyooka: makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko, na mtu wa kukaa karibu.

"Baba Igihozo, saa tisa uwashe jiko," alimwambia mumewe. "Usiende mbali. Chini inaungua haraka."

"Nitaiangalia."

"Utaangalia pai ama utaangalia kompyuta?"

"Macho ninayo mawili, Mama Igihozo."

Saa tisa Latif aliwasha jiko uani, chini ya kibanda. Saa tisa na robo akapata mpinzani: mtu wa ngazi ya tano. Akimshinda huyo, yeye ndiye wa tano. Akawa anasogeza kete, anakimbilia uani kupunguza makaa, anarudi. Mara ya tatu alikuta sekunde chache tu zimebaki. Halafu mvua ikaanza kushuka kutoka upande wa milima, ile yetu ya Desemba inayokuja na upepo, ikawa inapiga mpaka ndani ya kibanda.

Akalishika jiko kwa vitambaa, na pai yake juu, akalileta chumbani. Mvua ilikuwa inarusha maji juu ya kompyuta, akafunga dirisha. Maji yakaanza kupita chini ya mlango. Akaziba kwa gunia. Makaa yalikuwa mekundu, safi, hayana moshi hata kidogo. Wewe msikilizaji ungeona hatari gani hapo?

Mukandayisenga alifurahi. Huko Bugeshi baridi ni ya kila siku, naye alikuwa amelowa kanga. Akatandika mkeka karibu na jiko, akampakata mjukuu wake Igihozo, mtoto wa miaka minne, wakaota moto. Harufu ya pai ikajaa chumba. Kwa muda ilikuwa kama zamani: joto, chakula, watu ndani ya nyumba. Lakini Latif alikuwa amewapa mgongo.

"Mukwe wangu, kichwa inaniuma," Mukandayisenga alisema.

"Ni saumu, Mama. Siku ya kwanza ndivyo ilivyo. Hata mimi kinanigonga."

Na kweli kilikuwa kinamgonga. Saa kumi jioni ya Ramadhani, nani hana kichwa kinachouma? Akasogeza kete.

Baada ya kitambo Igihozo naye akalia. "Baba, kichwa."

"Lala kwa bibi, mwanangu. Mama anakuja."

Hapo, ndugu zangu, ndipo ninaposimama kila nikisimulia. Mtoto alikuwa amekunywa uji saa sita, bakuli bado lilikuwa mezani. Yeye alifunga nini hata kichwa kimuume? Latif alisikia kwa masikio, lakini akili ilikuwa ndani ya ule mchezo. Akahesabu kete zilizobaki za mwenzake: tatu.

Upande wa pili wa ukuta, Donatille alisikia harufu ya unga unaoungua. Angekuwa Donatille wa zamani angeingia akipiga kelele kuuliza ni mwanaume gani anapika. Alitoka na mwavuli, akafika mlangoni, akainua mkono agonge. Akakumbuka maneno ya Latif. Akarudi kwake.

Latif alishinda. Kete ya mwisho ilipofutika, aligeuka ili amwambie mtu. Bibi na mjukuu walikuwa wamelala, mashavu yao yamependeza kwa wekundu wa moto. Akawaita. Akaita tena. Akainuka, na miguu ikawa kama si yake. Akaanguka, akavuta meza, na kompyuta ikaja chini pamoja naye.

Kusikia kishindo hicho, Donatille hakungojea ruhusa. Alisukuma mlango kwa bega, gunia likasogea, akamburuta mtoto nje kwenye mvua, kisha Latif. Muhamadi akaja mbio, wakambeba bibi. Igihozo alitapika, akalia, na kilio hicho kiliwapa watu uhai. Latif alifumbua macho. Mukandayisenga hakufumbua.

Nyirasafari alitokea na mfuko wa tende wakati adhana ya magharibi inaadhiniwa. Alikuta uwanja umejaa watu, akadhani ni wageni wake.

Walimpandisha mama Bugeshi kesho yake kumzika. Kaka mkubwa wa Nyirasafari, Evode, alimsimamisha Latif mbele ya ukoo wote.

"Mama alitoka hapa muzima, na viazi kichwani. Alikufa na nini?"

"Na moto," Latif akasema.

"Moto gani? Mwili hauna hata alama. Sema vizuri, shemeji."

Latif alitazama watu, akamtazama mkewe.

"Alinambia kichwa kinamuuma," alisema. "Na mtoto akanambia. Nilikuwa nimefunga mlango ili nicheze, sikutaka kuinuka. Angekuwa mzima kama ningeinuka."

Hakuna aliyempiga. Evode alimpa jembe, akamwonyesha kaburi, akamwacha afukie peke yake mpaka mwisho.

MAFUNZO

Makaa yasiyo na moshi yanaua kuliko yenye moshi, kwa sababu hewa yake ya sumu haionekani wala haikutahadharishi. Usiliingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, iwe mvua, iwe baridi, iwe pai ya wageni. Watu wawili wakiumwa kichwa chumba kimoja, usitafute sababu: fungua mlango, watoe nje.

Mchezo si dhambi, hata sisi tumecheza dama miaka yote. Lakini mchezo unaokuzuia kugeuza shingo mtoto anapokuita, huo si wako tena, wewe ndiwe wake. Na jirani anayeingia bila hodi, mvumilieni. Siku Donatille alipojifunza adabu ya kugonga ndiyo siku tuliyompoteza Mukandayisenga.