Kigingi Kilichovaa Kikoi

"Vikoi vyote vina mistari!" Jaffar alifoka. "Dada, wewe kila kitambaa waona ni cha Baba!"

"Sikuonyeshi mistari. Tazama uzi." Rukiya alikisogeza kijiti kilichofungwa kipande cha kikoi karibu na uso wa nduguye. "Uzi wa kijani. Nilikishona mimi, kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Baba alinicheka mwezi mzima."

Jaffar akaugusa uzi. Baba yao alikufa miaka sita iliyopita. Kikoi kile kilikuwa kimepotea hata kabla ya hapo.

Kijiti chenyewe kilikuwa kigingi cha mpimaji wa ardhi. Kichwa chake kilipakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba. Kilikuwa cha tatu. Asubuhi tatu mfululizo Rukiya alifungua mlango afagie baraza, na asubuhi zote tatu alikuta kigingi kimesimamishwa hapo, kimeegemea ukuta. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa kipande cha kikoi kiunoni, kama mtoto aliyevalishwa.

"Hivi vimetoka shambani kwetu," Rukiya alisema. "Ni vya kampuni."

Shamba hilo liko bara, nyuma ya Mariakani. Baba aliwaachia wao wawili. Kampuni ilitaka kulikodi kwa miaka ishirini na mitano, ilijaze paneli za sola na kuuza umeme. Mkataba ulikuwa mezani. Saa kumi mtu wa kampuni angekuja kuuchukua, ukiwa na sahihi zote mbili.

"Boriti za paa zimeoza," Jaffar alisema. "Kila mvua dari yatumwagikia. Tutie sahihi, tutengeneze nyumba, tulale. Kama ni majini yanataka vigingi, na yavichukue."

"Jini gani huyo ajuaye kufunga fundo zuri hivi?"

Alikuwa Bi Firoza, jirani wa nyumba ya mbele, akiingia. Kelele zao zilimfikia dirishani. Alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya mipango ya ardhi, na bado alitembea na miwani shingoni.

"Bi Firoza, dirisha lako latazama mlango wetu," Rukiya alisema. "Leo hukuona mtu?"

"Sikuona mtu. Muuza mihogo tu. Hebu nipe huo mkataba."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Shamba lenu limeandikwa la kilimo," alisema. "Sola ni matumizi mengine. Lazima kaunti itoe ruhusa ya kubadilisha. Kabla ya ruhusa, tangazo huwekwa pale pale shambani na gazetini, majirani wapate kupinga au kukubali. Na wakaguzi wa mazingira nao huwauliza wakaaji. Mmewauliza?"

"Shamba ni letu," Jaffar alisema. "Tumuulize nani?"

"Mwakilishi wa wadi huchaguliwa na watu wa huko, Jaffar, si na wewe wa huku mjini Kibokoni. Wakikasirika, uchaguzi ukikaribia atapanda jukwaani aseme mradi haupiti. Ruhusa italala mezani. Kampuni itakwenda zake. Nyinyi mtabaki mmefungwa na mkataba, hamwezi kulima wala kumkodishia mwingine. Na kodi yenu yaanza umeme ukiuzwa, si kabla. Sasa soma kifungu cha tisa, kwa sauti."

Jaffar akasoma. "Wenye shamba wanathibitisha kuwa hakuna mtu anayeishi humo, wala kaburi lolote."

"Mmekwenda kuangalia?"

 Rukiya alikitazama kigingi mkononi mwake. 

"Muuza mihogo gani?" aliuliza ghafla.

Alifungua mlango. Bibi mmoja alikuwa ameketi barazani, amewapa mgongo, kikapu cha mihogo miguuni. Hakugeuka.

"Umechelewa kunifungulia, mwanangu," alisema.

"Mama, ni wewe uletaye hivi?"

"Mimi Nyevu. Mume wangu Tsuma ndiye aliyemlindia babako shamba. Babako alimpa kikoi hicho. Tsuma alipokufa, nilimzika na nusu yake. Nusu nikabaki nayo."

"Na vigingi?"

"Kwetu mti ukisimama kaburini ni mtu, nao huvikwa nguo. Watu wenu walikuja na hesabu zao, wakachomeka miti juu ya wafu wetu. Niliikuta uchi, nikaivika. Lakini si sisi tulioisimamisha. Nikawaletea nyinyi wenyewe."

"Mbona hukubisha hodi?" Jaffar aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nyinyi mlibisha?"

Rukiya aliketi karibu naye. "Umeleta vitatu, Mama Nyevu."

"Cha kaburi la mume wangu, na vya wanangu wawili. Vya wenzangu viko huko, vimevaa."

Bi Firoza alivua miwani. "Njia ipo," alisema. "Kaeni na watu wa huko mbele ya chifu. Makaburi yote yaandikwe na kutengwa kwenye ramani. Mkataba useme kampuni itafute ruhusa kwanza, na ikikosa, shamba lirudi kwenu. Wakikataa hayo, hao si watu wa kukodishiwa."

"Na saa kumi?" Jaffar aliuliza. "Na paa?"

Rukiya alichukua kalamu, akakipiga mstari kifungu cha tisa, akaandika pembeni: *Kuna makaburi. Kuna watu.* Kisha akampigia simu mtu wa kampuni. "Usije leo. Hatutii sahihi." Akavaa buibui, akavikusanya vigingi vyote vitatu, akavibeba kama abebaye mtoto.

Jaffar alisimama kidogo, akitazama dari. Kisha akakinyanyua kikapu cha mihogo, akawafuata.

Adhuhuri walikuwa ukingoni mwa shamba. Hapakuwa na upepo. Vigingi vilisimama safu kwa safu mpaka macho yalipokoma, na kila kimoja kilikuwa kimevaa: kaniki, leso, kipande cha shati. Milango ya nyumba za humo ilikuwa wazi. Hakuonekana mtu.

Nyevu alisimama nyuma yao, akingoja wabishe.

"Hodi," Rukiya alisema.

Hakuna sauti.

"Hodi!" alisema Jaffar.

Rukiya akavua viatu, akavishika mkononi pamoja na vigingi. "Hodi wenyewe."

Ndani ya nyumba ya kwanza mtu alikohoa.

"Karibuni," akasema. Nyumba ya pili ikajibu, kisha ya tatu, na watu wakaanza kutoka.