Laini Iliyojibu Kabla ya Swali

Bisha. Bisha tu, nimekuruhusu. Na hapana, sijavuta kitu. Na ndiyo, nina uhakika. Na nimejuaje, utaambiwa mwishoni. Haya, tulia.

Fundi alikuwa hajalala. Laini ya mtandao ya kuunganisha ruta ya hospitali na ruta ya maabara, upande wa pili wa mji, ilikuwa inakatika tangu jana, na hospitali ile haikupokea majibu ya damu kwa mdomo, mpaka printa iyachape. Mkewe alikuwa ghorofani, wodi ya wazazi, uchungu umemshika na damu inamtoka haikomi.

Chumba cha mitambo cha hospitali, alimokuwa, kilikuwa tanuri. Fundi alituma salamu ya majaribio, ile ya ruta hii kuuliza "upo?" na ya kule kujibu "nipo". Kimya. Akatuma tena, macho yanafumba yenyewe. Mchana ndipo jibu likaja, ila lilikuja kabla hajabonyeza.

Akampigia shemeji yake, fundi mwenzake aliyekuwa kule maabara.

"Shem, umeniwekea kile kiplagi cha kurudisha salamu? Naona najijibu mwenyewe."

"Kiplagi ninacho mfukoni. Na kebo nimeichomoa kitambo, hii hapa mkononi. Lala, bwana, utaanza kuona majini."

"Shem, huku taa ni ya kijani, inasema tumeunganishwa."

Shemeji akaacha kucheka. "Chomoa na ya kwako."

Akachomoa. Taa haikuzimika. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na feni ya ruta, iliyokuwa ikivuma siku zote kama nzi, ikaanza kuvuta pumzi na kuishusha, kuvuta na kuishusha, polepole, kama mtu aliyelala karibu yako kitandani na wewe unajua fika umelala peke yako, na papo hapo printa iliyokuwa nyuma yake ikakohoa ikatoa karatasi moja, ya moto, yenye jina la mkewe na kundi la damu.

"Shem," akanong'ona, "wameshampima?"

"Wampime na nini? Chupa ya damu yake ndiyo kwanza inafika."

Nesi akachungulia mlangoni. "Hiyo ni ya yule mama wa juu? Lete, baba, tunampoteza!"

Fundi aliishika ile karatasi. Alijua haikutoka maabara. Lakini alikuwa amechoka mpaka hana nguvu ya kuogopa, na mke alikuwa mmoja tu. Akampa nesi.

Wakamwongezea damu, na kundi likawa ndilo. Mkewe akapona. Ila manesi waliapa kwamba kilio cha mtoto kilisikika koridoni kabla mtoto hajatoka.

Sawa, kuna kipande nimekiacha. Yule fundi ni baba yangu. Shule walinitoa mapema, walimu wamechoka kujibiwa maswali wasiyouliza bado. Na baba siku hizi haniiti kabisa. Hukaa sebuleni, taabani, midomo ameibana, anajitahidi hata asiniwaze, na mimi huku chumbani nasikia mdomo wangu unaitika wenyewe:

"Nipo."