Mpini wa Fagio Chini ya Dari

Pigo la kwanza lilisikika kabla Floribert hajaliomba.

Alikuwa amelala kifudifudi darini, katika nyumba kuukuu ya Mama Suzanne mjini Likasi, akitafuta pa kufunga visanduku vya kuunganishia nyaya. Boriti zilikuwa fupi kwa kimo. Kisanduku kisingekaa kati yake bila kuibonyeza dari. Ilibidi apigilie kibao ubavuni mwa boriti, na kwanza ajue taa itaning'inia wapi. Kwa miaka ishirini, kuonyesha mahali ilikuwa kazi ya mkewe, Martine: alisimama chumbani akagonga dari kwa mpini wa fagio, mara mbili, akatua, kisha mara moja. Floribert alimjibu kwa nyundo, pigo moja. Martine alizikwa mwezi wa Aprili. Tangu hapo Floribert alipima kwa kamba, peke yake.

Sasa paligongwa mara mbili, kimya, kisha mara moja.

"Mama Suzanne," akaita kupitia tundu la ukutani, "njo weye unapiga plafo na mufagio?"

"Minye na hizi magoti?" mwenye nyumba akacheka uani. "Niko huku inje, nachagula maharagi. Papa Floribert, uzee ilianzia ku masikio?"

Alitoboa palipogongwa, akateremka kuangalia. Tundu lilikuwa katikati kabisa ya chumba. Vumbi la sakafuni lilikuwa na nyayo zake tu, na hewa ilinuka sabuni ya mawese, harufu ya mikono ya Martine.

Alipomweleza Mama Suzanne, kicheko kilifutika usoni mwake.

"Ulijibu?" akanong'ona.

"Bado."

"Usijibu, papa. Ile haiko muntu. Mwaka muzima inagonga, inatafuta mwenye kujibu. Mwenye atajibu, itatoka na yeye."

Akapanda tena, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha. Kisanduku cha pili na cha tatu alivifunga palipogongwa, midomo ameibana. Kisha mapigo yakaanza kutambaa, boriti hadi boriti, naye akayafuata kwa magoti na viwiko, jasho likimwingia machoni, harufu ya sabuni ikizidi hata akaihisi ulimini, akianza na kuanza tena Salamu Maria, mpaka yakakoma katika pembe ya mwisho, juu ya dohani iliyozibwa kwa matofali tangu zamani, pahala ambapo chini yake hapakuwa na chumba wala nafasi ya mtu kusimama.

Hapo akajua kwa yakini kwamba si Martine.

Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Alikumbuka kitanda chake, na ule upande usiokunjika shuka. Akainua nyundo, akagonga boriti pigo moja.

Mchana ule Mama Suzanne alisimama mlangoni, ametega sikio. "Nyumba imenyamaza," akasema, asithubutu kumtazama fundi usoni.

Floribert aliaga, akashika njia ya kwao na sanduku lake la vifaa. Alipofika njia panda, ndani ya sanduku pakagongwa mara mbili, kukawa kimya, kisha mara moja. Naye akapunguza mwendo, kama mtu anayetembea na mwenziwe.