Uji wa Mama Emérita

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji, nikawasha moto, kisha nikaenda kumwita Mama Emérita, jirani yetu hapa Lushebere, ili aende na mama kupalilia maharage. Walikuwa chanda na pete.

Mama alipoanza kuvimba tumbo huku mwili ukikonda, watu walisema amelishwa sumu. Kwetu ugonjwa usioeleweka hutafutiwa mwenye kosa kabla ya daktari. Nami, kwa miaka yangu kumi na miwili na ulimi wangu mrefu, nikasema kisimani mbele ya wote, "Mama alikunywa uji kwa Mama Emérita." Sikusema kwamba hata mimi niliunywa, wa chungu kilekile.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu Mama Emérita. Mama alinyweshwa dawa za kutapisha sumu kwa miezi mitatu. Alipofikishwa hospitali hatimaye, Daktari Théophile aliandika kwenye karatasi: néoplasie.

"Hiyo njo jina ya ile sumu?" baba aliuliza.

"Hapana, Papa Esdras. Ni neno ya Wagiriki wa zamani: kitu kipya chenye kimeumbika. Kimeota kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Hakuna muntu alikiweka. Zingine tunakata, mugonjwa anapona. Hii iko mbaya, na mumechelewa."

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni ile nilipiga magoti kwa Mama Emérita. "Na mimi nilikunywa ile uji. Nilijua, nikanyamaza."

Aliwasha moto, akapika uji, tukaupeleka kwa mama.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, uone hakina sumu. Mama Emérita alipoinua kikombe mdomoni, mama alimshika mkono.

"Usionje, dada. Leta tu."

Alikunywa mafunda mawili, machozi yakimtiririka. Siku ya nne tulimzika.

Baada ya mazishi Mama Emérita alinikalisha karibu naye.

"Carmel, mutoto wangu, ile ugonjwa pengine ingemuua tu. Lakini miezi tatu alikaa bila rafiki yake, na ile haikutoka kwa ugonjwa. Kitu haujui, uliza. Kitu unajua, sema yote."