Makopa Kumi na Mawili

"Kaka, umesimama kwenye picha yangu."

Unaisi alisema hivyo Jumamosi asubuhi katikati ya soko la Suva, Fiji, mvua ikipiga bati, yeye kapiga goti kwenye sakafu yenye maji mbele ya lundo la majimbi. Sulu jaba yake ya zambarau, gauni refu la Kifiji, ilikuwa imelowa mpaka magotini. Mwanamume aliyeambiwa alivaa shati la maua lililopungukiwa kifungo kimoja, na miwani yake imejaa matone.

"Hiyo picha ilishakufa kabla sijafika, dada."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila nyuma ya majimbi yako kuna ndoo nyekundu. Watu wataona ndoo, majimbi hawatayaona."

Unaisi akatazama. Ndoo ilikuwepo. Akaudhika zaidi kuliko kama angekuta haipo, kisha akamkazia macho yule bwana.

"Ngoja kwanza. Wewe si Kengeza?"

Yeye ndiye. Jina lake hasa Apenisa, kazi yake kuchonga vioo vya miwani katika duka moja mjini, lakini kwenye kundi letu la picha mtandaoni sote tulimjua kwa jina la Kengeza na sote tulikuwa tumewahi kumchukia. Kundi lina desturi yake. Ukitupia picha ukaiwekea alama ya jicho, umeomba uambiwe ukweli. Usipoweka, utapongezwa tu. Sisi sote tunaweka jicho, na sote tunachotaka ni kusifiwa. Kengeza peke yake ndiye aliyeliheshimu lile jicho. Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa, wa Mungu, maana kundini alikuwa hana mpenzi hata mmoja.

"Wiki iliyopita uliandika chini ya picha yangu, 'Bahari imeinama, leteni ndoo tukinge maji,'" Unaisi alisema. "Sikula chakula cha jioni."

"Ulinyoosha bahari?"

"Nilinyoosha."

"Basi leo kula, nanunua mimi."

Wakala chapati za samaki wamesimama, mvua haina nia ya kukoma. Ndivyo walivyoanza. Unaisi alikuwa mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, mwenye miaka ishirini na tisa, na kutwa nzima aliwaambia watu waketi. Akimpigia simu mchana, Apenisa alikuwa akipokea kwa swali lile lile.

"Meno mangapi leo, mama?"

"Kumi na moja. Nimekukumbuka."

"Mimi nimekukumbuka tangu la kwanza."

Sasa sikilizeni kilichoniudhi. Kuna jarida moja la visiwani ambalo kila mwaka huchukua mpiga picha mmoja mpya, asiyezidi miaka thelathini. Unaisi alitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Alipiga picha kumi na mbili za soko, alikokulia chini ya meza ya mama yake muuza kaa, akazitupia kundini siku kumi kabla ya kuzituma. Kila moja akaiwekea jicho. Wengine tukammwagia sifa, kama kawaida yetu. Yeye alimsubiri mtu mmoja tu.

Kengeza akaweka kopa jekundu, ile alama ya moyo, chini ya kila picha. Makopa kumi na mawili, wala hakuandika neno.

"Kwa hiyo ziko sawa?" Unaisi aliuliza kwenye simu. "Niambie kweli, Apenisa."

"Laazizi, zitume."

Akazituma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu mgema alikuwa ameuliza kwanza, tena kwa mdomo wake.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. *Watu wote katika picha zako wanaitabasamia kamera. Tulitaka kuona soko, tukaona marafiki zako.* Unaisi alilisoma pale pale kaunta, mgonjwa mmoja kashika shavu anamngoja. Alirudi nyumbani akafungua kundi, akapekua nyuma mpaka wiki ile ya makopa. Siku hiyo hiyo, mtu wa mji wa Lautoka, ambaye Apenisa hajawahi hata kuonana naye, alikuwa ametupia picha ya muuza ndizi, na Kengeza alimwandikia mistari sita. *Anakutazama wewe. Kaa karibu naye nusu saa, mpaka akusahau aendelee na kazi yake, ndipo upige.*

Akapiga simu.

"Yule wa Lautoka ni nani yako?"

"Nani? Unaisi, vipi?"

"Umempa mistari sita. Mimi umenipa kopa. Uliiona kasoro, hukuiona?"

Apenisa angesema hakuiona, pengine yangekwisha.

"Niliiona."

"Ukaninyamazia."

"Ulikuwa na furaha, mama. Nikasema nikikuambia nitakuharibia. Niliogopa."

"Wageni unawapa chakula, mimi unanipa sahani tupu halafu unaniambia karibu. Nilikupenda kwa ule mdomo wako, Apenisa. Huo mwingine wa kubembeleza hata mwenye duka la simu anao." Akakata.

Siku tatu hakupokea simu zake. Ya nne, Apenisa akaenda nyumbani kwa kina Unaisi, mtaa wa Raiwaqa, na fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kupondwa iwe kinywaji, limefungwa gazeti, kama afanyavyo kwetu mtu aliyekosa, au anayekwenda kuposa. Alisimama barazani ameishika kwa mikono miwili, sulu ya kijivu, ile nguo ya kiunoni, imepigwa pasi, mvua inamchuruzika shingoni.

"Mpokee basi," mama yake Unaisi alisema kutoka ndani. "Atapata homa."

"Sipokei," Unaisi alisema. "Rudi na mizizi yako. Picha zangu kumi na mbili bado ziko kundini na jicho bado liko. Unajua pa kuandika."

Akarudi nayo. Kesho yake saa ya chakula cha mchana akaanza, mbele ya watu elfu nne. Aliondoa kopa la kwanza akaandika, akaondoa la pili akaandika. *Hapa taa ya dukani imeua rangi ya samaki. Huyu anacheka, kisu chake kiko wapi?* Kundi likachafuka. Alipofika ya saba, picha ya mama yake Unaisi na kaa, akaandika: *Mama anatabasamu kwa sababu anakupenda. Hiyo ndiyo kasoro. Kaa naye mpaka akusahau.*

Tukamrukia. Mimi mwenyewe nilimwandikia kwamba hana adabu, na sijivunii. Matusi yalifika mia moja hivi ndipo jina la Unaisi likatokea, kwa mara ya kwanza mchana ule.

*Mwacheni. Bado tano.*

Alizimaliza. Unaisi hakumpigia. Alikuwa amekasirika bado, na mbaya zaidi, alikuwa anakubaliana naye. Kwa miezi mitatu kila Jumamosi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya meza ya mama yake, kamera mapajani. Mama alitabasamu mpaka akachoka. Jumamosi ya nane akasahau.

Siku moja kabla ya mwisho wa jarida kupokea picha za mwaka uliofuata, Unaisi alitupia moja tu. Mama kainama, uzi kaung'ata menoni, anamfunga kaa anayepigana naye, paji lake la uso limekunjamana kwa hasira. Chini yake, jicho. Sisi tukamwaga makopa. Kengeza kimya. Saa nzima ikapita, Unaisi akiwaambia wagonjwa waketi hali wameshaketi.

Kisha yakaja maneno matano. *Kidole cha kushoto kimekatwa ukingoni.*

Alitoka nje akapiga simu chini ya mwavuli.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nimetafuta lingine saa nzima, sijaliona."

"Unaniogopa?"

"Nakuogopa sana. Hilo tu, Unaisi. Itume."

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu.

"Ile mizizi unayo?"

"Ninayo. Imekauka."

"Ndiyo inavyotakiwa. Ilete Jumapili kwa mama," Unaisi alisema. "Safari hii si ya kuomba msamaha."